Mkono wa Mama Sindano

Ilianza siku ya pili, mardi, ndiyo Jumanne, saa moja kasoro robo ya asubuhi. Nilikuwa nafagia mbele ya nyumba, lile vumbi letu jekundu la wakati wa vacances, likizo ya shule, ambalo linarudi kabla hujaweka fagio chini, Mama Sindano akaniita kutoka upande wake wa ua wa matete.

"Weye, mwenye kunyamaza! Kuya hapa."

Nikaenda na fagio mkononi. Alikuwa amekwisha kuvaa blouse yake nyeupe ya kazi na zile buti nyeusi za mpira anazovaa hata jua likiwaka.

"Siku ya ine niko napanda kilima ya Mudzipela na chanjo ya surua," akasema. "Utaenda na miye. Hautabeba kitu. Utaangalia mukono yangu, hii ya kuume. Kiisha utaniambia kama niache kazi ao niendelee."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kwa nini mimi. Sauti ilitoka ndogo, kama kawaida yangu, na ikabidi niulize tena.

"Juu batu bote bananidanganya. Munganga ananidanganya juu ya heshima. Mutoto yangu wa Komanda ananidanganya juu anataka nimuchungie boutique, duka yake. Bamama ya hapa bananidanganya juu banaogopa nikikaa nyumbani nitakufa. Lakini weye hausemake kitu. Mutu hajazoea kusema, uongo nayo ataitoa wapi?"

"Mama, na kama nikiona…"

"Itauma," akasema. "Kiisha itaisha."

Akaingia ndani. Basi nina siku mbili. Mdomoni mimi ni maskini, darasani mwalimu akiniita jina moyo unanikimbia, lakini kwa kuandika ninajiweza kidogo. Ninaandika ili nijue ninachokijua juu yake kabla ya kwenda kumhukumu. Maana ndivyo ilivyo, ananifanya hakimu, mimi ambaye sijawahi kumwambia mtu mzima hata kwamba amekosea njia.

*

"Itauma, kiisha itaisha." Mtoto yeyote aliyezaliwa katika quartier yetu, mtaa huu, amesikia maneno hayo kabla ya kujua kuhesabu. Waganga wengine wanamwambia mtoto haitauma, ni kama mbu, funga macho, nitakupa bonbon ya kumumunya. Yeye hapana. Anasema wazi kwamba itauma. Anasema mtoto ukimdanganya mara moja na sindano, hatakuamini tena ukimwambia moto unaunguza.

Kwa sababu hiyo sote tulimwogopa kuliko mbwa. Mama yangu alipotuleta hapa Bunia kutoka Butembo, alijifunza jina la Mama Sindano kabla ya kujua njia ya soko, kwa sababu kila jirani alikuwa analitumia. Mtoto hataki kula sombe: "Kula, Mama Sindano iko nakuya!" Mtoto hataki kuoga, hataki kulala, anavuta mkia wa mbuzi wa watu: Mama Sindano iko nakuya. Na kweli alikuwa anakuja. Ulimsikia kutoka mbali, maana anagonga sanduku lake la baridi na kizibo cha chupa, ko-ko-ko, na kwenye nyua zote watoto wanatawanyika kama kuku wameona mwewe.

Mimi nilijificha ndani ya sufuria kubwa ya matanga, ile ya kupikia watu wengi, na nikajifunika na kifuniko. Alikuja moja kwa moja. Akagonga kifuniko mara moja, kwa adabu, kama mtu anayebisha mlango, akasema, "Hodi, Madame Sufuria." Sijui alijuaje. Baadaye mama aliniambia kila mwaka alikuwa anakuta mtoto ndani ya sufuria ile.

Na baada ya kuchoma, ana desturi yake ambayo sijaiona kwa mganga mwingine. Anatoa kiganja chake mwenyewe, wazi, mbele ya mtoto. "Nimekuumiza. Piga." Mtoto anampiga kofi la kiganja kwa nguvu zote, huku machozi bado yanatiririka, na wengine wanapiga mara mbili, na yeye anakunja uso, "Aiii! Huyu iko na nguvu!" Basi wamelipana. Mtoto anaondoka ameinua kichwa. Wavulana wakubwa mpaka leo wanabishana nani alimpiga Mama Sindano kofi kali zaidi.

Mimi peke yangu sikupiga. Haya ilinishika. Nilitazama kile kiganja mbele yangu, na mistari yake, na sikuweza. Akangoja, akangoja. Kisha akakifunga polepole akamwambia mama yangu, "Huyu wako, itabidi tumungojee."

*

Sasa mambo ambayo hayaendani.

Yeye mwenyewe anaogopa sindano. Malaria ilimkamata mwaka jana, na Titulaire, ndiye yule munganga mkubwa wa centre yetu ya afya, akaandaa sindano. Mama Sindano alipoiona akashuka kitandani akasema homa imeisha. Walimkuta nje, anatetemeka ndani ya kikwembe, kile kitenge chake, anadai vidonge. "Miye ni wa upande ule mwingine wa sindano," alisema. Alipewa vidonge.

Ni mkali kwa mama anayemficha mtoto wake asichanjwe. Anaweza kukutukana mpaka jirani wa tatu anafunga dirisha. Lakini wakati ule risasi zililia na sote tukakimbia, yeye alikimbia na lile sanduku kichwani, akaacha sufuria zake, magodoro yake, hata mihogo iliyokuwa jikoni. Wakamuuliza njiani kwa nini amebeba barafu. Akajibu kwamba surua nayo inakimbia na watu. Na kule tulikolala chini ya mahema alianza kugonga kizibo siku ya kwanza, ko-ko-ko, na watoto wakatawanyika. Mama yangu anasema aliposikia watoto wanapiga kelele za kumwogopa yeye badala ya kuogopa bunduki, ndipo alipoweza kulala.

Hana sauti ya kuimba, na anajua. Kulikuwa na mchungaji mmoja wa kanisa dogo la nyuma ya soko aliyekataa chanjo, alisema watoto wake wanalindwa na damu ya Yesu. Mama Sindano hakubishana naye. Aliweka sanduku mbele ya lango lake, akakaa juu yake, akaanza nyimbo za kitabu, wimbo wa kwanza, wa pili, kwa ile sauti yake inayokwaruza kama bati linaburutwa. Alipofika wimbo wa saba mke wa mchungaji akatoka na watoto wote kwa mstari.

"Mama, pole, mikono yao ni hii. Lakini wimbo tuachie."

Na umri wake, hakuna anayeujua. Ukimuuliza anakuuliza wako, kisha anasema, "Bado mutoto," na mazungumzo yameisha. Anapaka kucha rangi nyekundu. Anasema mtoto anayelia apewe kitu kizuri cha kutazama.

*

Juu ya kuacha kazi ana maneno mengi. Nilimsikia siku moja akizungumza na mama yangu, wanachambua maharagwe.

"Hapa kwetu batu banaacha kazi kwa njia mbili tu," alisema. "Karatasi ya Kinshasa, ao sanduku ya mbao. Karatasi haifike. Sanduku inafika."

Ni kweli. Mwalimu wetu wa jiografia ni mzee mpaka anasinzia katikati ya mto Kongo, na sisi tunangoja kwa upole mpaka aamke aendelee kuelekea baharini. Ukimuuliza anasema karatasi yake ya kupumzika bado iko njiani. Hakuna anayeamua. Si yeye, si mkurugenzi, si sisi.

"Miye sitaki hivyo," Mama Sindano alisema. "Miye si lori ya kuvunjika katikati ya barabara, batu banakuya kuangalia. Nitaegesha mwenyewe."

"Lini sasa, Mama?" mama yangu akauliza.

"Siku nitaona."

"Na kama hautaona?"

Mama Sindano alitupa harage moja bovu mbali sana, mpaka kuku wakalikimbilia.

Alikuwa na kipimo chake. Kila asubuhi alikaa mlangoni, mwanga ukimwangukia, akachukua sindano ya kushonea na uzi mweusi, akatunga. Mara moja, ndani ya tundu, basi. Anaichomeka kwenye kola ya blouse na anaenda kazini. Nilikuwa namtazama kila siku kupitia matete. Ilikuwa kama kumwona mtu anapiga ishara ya msalaba.

Tangu ile fête, sherehe waliyomfanyia kule centre, hakai tena mlangoni. Anatungia nyuma ya nyumba, ambako mimi sioni.

*

Fête ilikuwa mwezi wa tano, siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Titulaire na wakubwa wa centre walikaa, wakaona Mama amechoka, infirmière mpya amekuja, muuguzi kijana, ana diploma na miguu mizuri, basi tumuage Mama kwa heshima. Na kweli walimheshimu. Mbuzi alichinjwa. Kwaya mbili. Wanawake wa centre wote walishona kikwembe kimoja, bluu na njiwa weupe. Wakamnunulia kiti kikubwa chenye mito, cha kukalia mzee. Infirmière mpya akasimama mbele, tayari kwa remise-reprise, yaani Mama amkabidhi kazi mbele ya watu wote.

Titulaire alisoma maneno yake. Alimshukuru Mama. Alisema yeye mwenyewe alichanjwa na mkono ule. Akasema Mama ni mti, ni daraja, ni taa. Wakubwa wengine nao wakasimama, wakashukuru, wakasema sasa ni wakati wa Mama kupata nafasi kidogo. Kila mtu alizunguka lile neno kama kuku anazunguka nyoka. Hakuna hata mmoja aliyesema: acha kazi. Ungesemaje neno hilo mbele ya mama wa watu? Ilikuwa aibu. Kila mmoja alifikiri mwenzake atalisema.

Mama Sindano alicheza, akala, akabarikiwa na mchungaji (yule yule wa nyimbo saba), akapigwa picha amekaa kwenye kiti. Lundi, Jumatatu asubuhi, alikuwa kazini saa moja, amevaa kikwembe cha njiwa na buti.

Titulaire akatoka nje. Nilikuwapo, nilikuwa nimempeleka mtoto wa yaya, dada yangu mkubwa, kupimwa uzito.

"Mama, lakini… siku ya posho tulifanya fête."

"Ilikuwa muzuri sana, mutoto yangu. Mbuzi tu ilikuwa kidogo nguvu kwa meno."

"Mama, ile fête ilikuwa ya… Ilikuwa juu upumzike."

"Nilipumzika jana. Siku ya Mungu."

Wanawake wote kwenye foleni wakaangua kicheko, na infirmière mpya akajificha nyuma ya mlango kucheka naye. Titulaire alishika kichwa. Ungedhani atakasirika, lakini alikuwa na uso wa mtoto aliyekutwa ndani ya sufuria.

"Mulinishukuru," Mama Sindano akamwambia, sasa bila mchezo. "Nilisikia yote. Hakuna mutu alisema niache. Na hata mungesema. Miye nilianza kazi bila fête."

Kile kiti alikibeba mwenyewe kutoka nyumbani kwake, kichwani, akakiweka mbele ya chumba cha chanjo. Wanawake wenye watoto wachanga wanakikalia mpaka leo. Yeye hajakikalia tena.

*

Siku ya nne. Naandika sasa usiku haujaingia bado, miguu inaniuma.

Tulipanda Mudzipela sisi watatu, Mama, infirmière mpya na mimi. Infirmière alitaka kubeba sanduku. Mama akalihamishia bega lingine, mbali naye. Vijana wa moto, zile pikipiki za kukodi, walitupita wanapiga honi.

"Mama Sindano! Panda, ni bure!"

"Weye ndiye upande mugongo yangu, nikufikishe!"

Hakuliweka sanduku chini mpaka tukafika juu. Nilikuwa napumua kwa mdomo, yeye anapumua kwa pua, makusudi, nilimwona. Kisha kizibo, ko-ko-ko, na watoto wakatawanyika kwenye mihogo, na mama zao wakawafuata, na yote yakawa kama siku zote. Infirmière alivuta dawa na kuandika, Mama akachoma.

Mimi nikaangalia mkono.

Nikaelewa kwa nini alihitaji mtu. Wakati wa sindano hakuna anayeangalia mkono wa mganga. Mzazi anaangalia uso wa mtoto wake. Mtoto anaangalia angani au anafumba macho. Infirmière anaangalia karatasi. Wengine wanageuka. Mkono ule umefanya kazi miaka yote mbele ya watu na hakuna mtu aliyewahi kuutazama.

Asubuhi ulikuwa mzuri. Mwepesi, haraka, kama mtu anang'oa unyasi. Nikaanza kufurahi. Nilikuwa nimekwisha kupanga jibu langu.

Jua lilipokuwa juu ya kichwa akaja mtoto wa kike mwenye gauni la njano. Huyu hakukimbia. Alisimama, akatoa mkono wake mwenyewe, akamtazama Mama usoni. "Itauma," Mama akamwambia. "Kiisha itaisha." Na sindano ikasimama hewani. Ilisimama juu ya ngozi ya yule mtoto, ncha yake inacheza kidogo, hivi na hivi, kama mdudu anayetafuta pa kutua. Mama alivuta pumzi. Mkono wa kushoto ukaja, ukashika kifundo cha ule wa kuume, ukaukaza. Kisha akachoma, sawasawa, vizuri, na akatoa kiganja, na mtoto akapiga, na wote wakacheka.

Baada ya huyo, mkono wa kushoto ulikuja kila mara.

Tulipokuwa tunashuka, infirmière alitangulia. Mama akaweka sanduku chini pembeni ya barabara, akakaa juu yake. Mji wote ulikuwa chini yetu, mabati yanang'aa.

"Sema."

Nilitazama buti zake. Nilifikiria uongo, nasema kweli. Ulikuwa tayari mdomoni, mtamu: Mama, bado uko na nguvu. Nilikumbuka bonbon ya wale waganga wengine.

"Unatetemeka," nikasema.

"Sana?"

"Asubuhi hapana. Mchana ndiyo. Yule mtoto wa gauni la njano, sindano ilisimama, Mama. Ulingoja. Kisha ukaushika na mkono wa kushoto. Na wengine wote baadaye."

"Nilikosea mutoto hata mumoja?"

"Apana. Hata mmoja."

"Basi hakuna mutu aliona."

"Mimi niliona."

Moto moja ikapita, ikatuachia vumbi. Kidevu chake kilikuwa kimekaza, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona katika miaka yote ya ua wa matete: macho yake yalijaa, na aliyaacha yajae, hakuyafuta. Nikajua nimemchoma. Sikujua nifanye nini. Halafu mkono wangu ukajua kabla yangu. Nikautoa, kiganja wazi, mbele yake.

"Nimekuumiza, Mama. Piga."

Alikitazama muda mrefu. Kisha akapiga kwa nguvu zote, kofi lililosikika mpaka kwa infirmière kule chini, naye akageuka. Kiganja kiliwaka moto. Mpaka sasa ninaandika na kiko chekundu.

"Basi," akasema. "Nimeacha. Leo, siku ya ine, hapa. Si ile siku ya mbuzi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Weye ndiye shahidi."

Akasimama, akainua sanduku. Nikanyoosha mikono nimsaidie.

"Kwenda kule," akasema. "Umehukumu mukono. Miguu haukuulizwa."

*

Siku ya tano, asubuhi. Saa moja nilikuwa centre. Sikuitwa, nilijiendea. Wanawake walikuwa wamejaa na watoto wao. Mama Sindano alikuja bila blouse nyeupe, amevaa kikwembe cha njiwa na ndala, na buti amezishika mkononi, zimeoshwa. Akampa infirmière. "Ni kubwa kidogo kwako," akamwambia. "Utakomalia ndani." Infirmière akazikumbatia kifuani, zikamlowesha.

Titulaire akatoka, akaelewa, akafurahi kutoka moyoni. Akawageukia watu, akafungua mikono.

"Bamama, Mama yetu hatimaye amekubali shauri lile tulilompa siku ya fête…"

Mama Sindano hakusema kitu. Yeye, ambaye ana jibu kwa kila mtu! Alisimama tu, akanitazama mimi.

Nilisimama.

"Apana!"

Sikujua kwamba nina sauti hiyo. Titulaire akakata maneno katikati.

"Hakukubali shauri la mtu," nikasema. "Ameamua mwenyewe. Jana, Mudzipela, sanduku alilibeba yeye. Mimi nilikuwa pale, mimi ni shahidi."

Watu wote wakageuka kunitazama. Na mtoto mmoja, mgongoni kwa mama yake, akaniangalia vizuri, kama aliyesikia ko-ko-ko, akakunja mdomo, akaanza kulia.